Binamu yangu huazima simu yangu kila jioni: nifanyeje asifikie mambo yangu ya siri?

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Simu ya binamu yangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, iliharibika zaidi ya mwezi mmoja uliopita, na tangu hapo huazima yangu karibu kila jioni ili apige simu, atazame video na kusoma barua pepe zake. Namba ya kuifungulia anaijua, kwa sababu nilichoka kuamshwa kila anapoihitaji. Juzi nilikuta ujumbe wa WhatsApp ambao sikuwa nimeusoma ukionyesha kwamba umekwisha kusomwa. Sitaki kumtuhumu wala kumnyima, lakini ndani ya simu hiyo kuna picha zangu, mazungumzo yangu na programu ya benki. Nifanye nini? Natumia Android, ingawa huenda nikahamia iPhone hivi karibuni.

Jibu

Ndugu msomaji, naomba nianze na ule ujumbe, kwa sababu ndio uliokuondolea utulivu na kwa sababu una maelezo zaidi ya moja. Huenda binamu yako aliufungua kwenye simu, ama kwa makusudi ama kwa kugusa arifa pasipo kukusudia. Huenda pia wewe mwenyewe uliuwekea alama ya kusomwa ukiwa na usingizi. Lakini yapo maelezo ya tatu, ambayo ningependa uyachunguze kabla ya kumfikiria mtu vibaya: kwamba akaunti yako ya WhatsApp iko wazi kwenye kifaa kingine. WhatsApp huruhusu akaunti moja kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, yaani kompyuta, tableti au hata simu ya pili, na kila kimoja hupokea ujumbe moja kwa moja kupitia intaneti hata kama simu yako imezimwa; ujumbe ukisomwa huko, kwako nako huonekana umesomwa. Kuunganisha kifaa ni kazi ya muda mfupi sana, kwa kuwa inatosha kuelekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR. Ni kweli kwamba WhatsApp hudai kwanza alama ya kidole au namba ya kufungulia simu, na hicho kingekuwa kizuizi kizuri, isipokuwa namba hiyo umekwisha kuitoa.

Fungua basi WhatsApp, ingia kwenye menyu, kisha uguse sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Utaona kila kifaa, aina yake na mara ya mwisho kilipotumika. Ukikuta usichokitambua, piga kwanza picha ya skrini, kwa sababu kikishaondolewa hutabaki na kumbukumbu yoyote, ndipo ukiguse na kukiondoa. Usitegemee kwamba kitajiondoa chenyewe: vifaa hivyo hutolewa pale simu kuu inapokaa siku 14 bila kutumika, jambo ambalo kwako halitatokea.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wengi wanaoazimana simu huhofia kile ambacho mwingine atakiona kwa zile dakika chache ambazo simu iko mkononi mwake. Kuonwa mambo yako kunaumiza, sikatai, lakini kunakoma simu inaporudi. Mimi nahofia zaidi kile kinachoendelea kufanya kazi baada ya simu kurudi mfukoni mwako: kifaa kilichounganishwa, alama ya kidole iliyoongezwa, akaunti ya mtu mwingine iliyoingizwa, au mahali ulipo panapoonyeshwa kwa mwingine bila kikomo cha muda. Karibu mambo hayo yote yanahitaji kitu kimoja tu ili yawezekane, nacho ni namba ya kufungulia simu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu ni kwamba binamu yako aendelee kuitumia simu, lakini asiijue tena namba hiyo.

Ni rahisi kuidharau namba hiyo kwa kudhani kwamba inafungua skrini tu. Kwa kweli, mwenye kuijua anaweza kusajili alama ya kidole chake kando ya zako, na kuanzia hapo kubadilisha namba peke yake hakutamtoa. Anaweza kufungua orodha ya manenosiri ambayo simu imekuhifadhia, kwa kuwa orodha hiyo hulindwa na namba hiyo hiyo. Anaweza pia kubofya "nimesahau nenosiri" kwenye huduma yoyote ile, kisha akasubiri msimbo wa kubadilishia uingie kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe, vyote viwili vikiwa kwenye simu aliyoishika. Programu nyingi za benki nazo hukubali alama ya kidole badala ya nenosiri. Baadhi hukataa pale zinapogundua kwamba kidole kipya kimesajiliwa, lakini si busara kuitegemea hiyo.

Leo hii, kabla hujalala, ingia kwenye mipangilio ya usalama, ufute alama zote za vidole, usajili upya za kwako, kisha ubadilishe namba. Chagua yenye tarakimu sita: tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, sita zina michanganyiko 1,000,000, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wala namba ambayo mtu wa nyumba moja nawe angeweza kuikisia. Mchoro wa kuunganisha nukta siupendi, kwa sababu huacha alama ya mafuta ya kidole kwenye kioo na huonekana kwa urahisi kwa mtu aliyekaa kando yako. Namba ya programu ya benki iwe tofauti kabisa na hiyo.

Sasa tuje kwenye namna ya kuazima simu yenyewe. Kwa hali yako, ambapo mtu mmoja huitumia kila siku kwa mambo yake mwenyewe, njia ninayoipendelea kuliko zote ni ya kumpa sehemu yake ndani ya simu. Android imekuwa na uwezo huo kwenye simu tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Katika mipangilio, tafuta neno "watumiaji". Ikiwa mtengenezaji wa simu yako hakuuondoa uwezo huo, na wapo waliouondoa, utakuta nafasi ya mgeni na nafasi ya kuongeza mtumiaji mwingine. Anayeingia kama mgeni hukuta simu iliyo tupu: hakuna picha zako, hakuna WhatsApp yako, hakuna barua pepe zako wala historia ya kurasa ulizofungua. Akimaliza, kila alichokifanya kinaweza kufutwa. Mgeni anaweza pia kuruhusiwa kupiga simu, ruhusa ambayo wewe ndiye unayeitoa kwenye mipangilio hiyo hiyo.

Kwa kuwa binamu yako atahitaji barua pepe zake kila jioni, huenda itamchosha kuziingiza upya kila mara, na hapo mtumiaji wa kudumu anafaa kuliko mgeni. Mtengenezee, mwache aweke namba yake mwenyewe ya siri ambayo wewe huijui, na kila mmoja wenu atabaki upande wake. Kuna jambo moja la kuangalia. Mtumiaji wa pili akipewa ruhusa ya kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi, mfumo hutoa onyo kwamba historia ya simu na ya ujumbe itakuwa ya pamoja, na onyo hilo usilipite haraka, kwa maana misimbo ya benki na ya kubadilishia manenosiri huja kwa njia hiyo hiyo ya ujumbe mfupi. Ningeiacha ruhusa hiyo ikiwa imefungwa. Akitaka kupiga simu, apige kutoka nafasi ya mgeni, au umpigie wewe na kumkabidhi simu ikiwa tayari inaita.

Ikiwa simu yako haina nafasi ya watumiaji, iko njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, nayo ni kubandika programu, yaani kuifungia simu ndani ya programu moja. Unaiwasha kwenye mipangilio ya usalama, unafungua programu anayoihitaji, mathalani ya video, kisha unaibandika kutoka kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa hivi karibuni; baada ya hapo simu haitoki kwenye programu hiyo. Usisahau kuwasha pia sharti la kudai namba kabla ya kubandua, kwa sababu bila sharti hilo mtu yeyote anayezijua ishara za vidole ataitoa kwa sekunde mbili. Tena njia hii ina tundu ambalo Google yenyewe hulitaja unapoiwasha: programu iliyobandikwa inaweza kufungua programu nyingine, na data zako zilizomo ndani yake bado zinaonekana. Kubandika programu ya video kuna maana. Kubandika programu ya kupigia simu hakusaidii kitu, kwa kuwa orodha ya watu wako na ya simu ulizopiga imo humo humo.

Ukihamia iPhone, fahamu mapema kwamba haina nafasi ya mgeni. Ina kipengele kinachoitwa Guided Access, kilichokuja na iOS 6 mwaka 2012, ambacho huwashwa kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), ile ya kuwasaidia wenye ulemavu, na kuanzishwa kwa kubonyeza mara tatu kitufe cha pembeni, au kile cha mwanzo kwa simu zenye kitufe hicho. Hufungia simu ndani ya programu moja kama ile ya Android, lakini kina uwezo zaidi: unaweza kuzuia mguso wa skrini, ukazuia kibodi, na hata ukaweka kikomo cha muda. Ni chombo kizuri pia unapotaka kumwonyesha mtu picha moja bila kidole chake kuteleza kwenda kwenye picha zinazofuata. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024, programu yoyote kati ya nyingi zilizomo inaweza kufungwa peke yake kwa uso, kidole au namba, na yaliyomo ndani yake hayaonekani tena kwenye arifa wala kwenye utafutaji.

Upo pia ulinzi unaoitwa Stolen Device Protection, ulioletwa na iOS 17.3 mwanzoni mwa 2024, ambao kwa mambo mazito hudai uso au kidole na kuikataa namba ya kufungulia hata ikiwa sahihi. Ingawa umebuniwa dhidi ya wezi, nakutajia kwa sababu ya hali yako, na kwa sababu una mtego: usipoubadilisha, hulegea simu inapokuwa mahali ilipopazoea, kama vile nyumbani, na huyo anayeazima simu yako mnaishi naye nyumba moja. Uweke uwe unafanya kazi wakati wote.

Hata ukiwa na kufuli zote hizo, arifa huzipita. Ujumbe unaoingia huchungulia juu ya skrini, na kutoka kwenye arifa mtu anaweza hata kujibu. Ukifunga WhatsApp kwa alama ya kidole, simu zinazoingia kwa WhatsApp bado zitapokelewa na arifa zitaonyesha yaliyomo mpaka uzizuie kwenye mipangilio hiyo hiyo ya kufuli. Kwa mazungumzo machache yaliyo nyeti zaidi, WhatsApp iliongeza mwaka 2023 uwezo wa kufunga mazungumzo mahususi, ambayo huhamia kwenye folda yake na arifa zake hazionyeshi jina wala maneno. Kibodi nayo husahaulika: ile ya Google huweka ulichonakili kwa muda wa saa moja, kwa hiyo nenosiri ulilolinakili kabla ya kumkabidhi mtu simu linaweza kujitokeza juu ya herufi mara tu atakapotaka kuandika. Kwa picha, tumia folda iliyofungwa ya Picha kwenye Google, au Folda Salama kwa simu za Samsung, au nafasi ya faragha iliyokuja na Android 15 mwaka 2024, kutegemea simu yako inacho kipi.

Kuhusu barua pepe za binamu yako nina msimamo mkali kidogo. Akaunti yake isiingizwe upande wako wa simu, hata kwa siku moja. Akaunti ya Google ikishaongezwa kwenye simu, inakuwa miongoni mwa akaunti ambazo programu mbalimbali zinaweza kuzichagua, na programu ya Picha inaweza kuelekezwa kuhifadhi nakala za picha kwenye akaunti yoyote iliyomo. Kwa mguso mmoja uliokosewa, bila nia mbaya ya mtu yeyote, picha zako zote zitaanza kupanda kwenye akaunti yake, na utakapofuta kwenye simu yako, nakala zitabaki kwake. Kinyume chake pia ni kweli: anwani zake na barua zake zitamwagika kwenye simu yako, nawe utakuwa mlinzi wa siri ambazo hukuziomba. Angalia orodha ya akaunti katika mipangilio na uondoe yake ikiwa imo. Endapo hana nafasi yake mwenyewe kwenye simu, asome barua hizo kwenye kivinjari katika hali fiche, yaani ile isiyohifadhi historia, kisha afunge vichupo vyote akimaliza.

Kwa kuwa namba yako imekuwa mikononi mwake kwa zaidi ya mwezi, naomba ufanye ukaguzi mmoja wa kina, ambao hutahitaji kuurudia kila jioni baada ya kumtengenezea sehemu yake. WhatsApp tumeshaimaliza, isipokuwa uongeze uthibitishaji wa hatua mbili, ambao huweka namba ya tarakimu sita inayodaiwa mtu anapojaribu kusajili akaunti yako kwenye simu nyingine. Kwenye akaunti yako ya Google, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia na utoe usivyovijua. Kwenye Ramani za Google, fungua sehemu ya kushiriki mahali ulipo, kwa sababu kushiriki huko kunaweza kuwekwa kuendelea hadi kutakapozimwa. Pitia programu zilizosakinishwa, hasa zile zilizopewa ruhusa ya ufikivu au ya usimamizi wa kifaa, ambazo ndizo ruhusa ambazo programu za upelelezi huzitamani zaidi. Mtu wa kawaida huwa na chache sana humo, na kila moja ijieleze kwa nini ipo.

Kisha piga *#21# kama unavyopiga namba ya kawaida. Simu itakuonyesha kama simu zako zote zinazoingia zinaelekezwa kwenda namba nyingine. Ukikuta zimeelekezwa usikokujua, ##002# hufuta maelekezo yote kwa pamoja, pamoja na yale ya barua ya sauti ambayo huenda uliyaweka mwenyewe na utalazimika kuyarudisha. Jambo hili si dogo, kwa kuwa huduma kadhaa hutoa misimbo ya uthibitisho kwa kupiga simu, na anayepokea simu zako hupokea misimbo yako. Laini yenyewe nayo inaweza kuwekewa namba ya siri, ili ikichomolewa na kutiwa kwenye simu nyingine isifanye kazi. Iandike mahali salama, kwa sababu ukikosea mara tatu utahitaji PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na ukiikosea PUK mara kumi laini imekufa.

Niseme jambo moja pembeni, kwa wengine watakaosoma hapa. Jibu hili limekusudiwa ndugu asiye na nia mbaya, au mwenye udadisi tu. Mtu anayemwogopa yule anayeshika simu yake, kwa mfano mwenzi anayemdhibiti au kumtisha, asianze kwa kufuta na kuondoa vitu, kwa maana kuondolewa kwa kifaa au kwa kushiriki mahali kunaweza kumjulisha huyo mtu kwamba amegundulika, na ghadhabu yake ikawa hatari kuliko upelelezi wake. Huyo atafute kwanza msaada wa watu anaowaamini, akitumia simu isiyo yake.

Kwako wewe limebaki la kumwambia binamu. Sioni haja ya kuutaja ule ujumbe ikiwa orodha ya vifaa imeonekana safi. Mwezi mzima wa kuazima simu una nafasi nyingi za kidole kuteleza. Tengeneza kwanza nafasi yake, kisha umkabidhi simu ikiwa tayari upande wake na umwambie: "Nimekuwekea sehemu yako humu. Weka namba yako ya siri, na mimi sitaijua. Barua zako na video zako zitakaa huko, na hutahitaji tena kupitia kwangu." Akiuliza kwa nini namba ya zamani haifanyi kazi, mjibu ukweli wake, kwamba umeibadilisha kwa sababu ya programu ya benki. Na kuhusu kuamshwa usiku, ambako ndiko kulikoanzisha yote haya, hakutakuwepo: kwenye skrini iliyofungwa huwa kuna alama ya kubadilisha mtumiaji, naye ataingia upande wake kwa namba yake wewe ukiwa umelala. Ikiwa haionekani, iwashe kwenye ile sehemu ya watumiaji katika mipangilio.